Kadi ya Siku Thelathini

Anayetumia kadi ya mkopo kupanga matumizi yake hufuata kanuni moja: ananunua leo, manunuzi yanakusanywa kwenye hesabu ya mwezi, naye analipa kwa mkupuo mshahara unapoingia. Huhesabiwa kuwa ujuzi wa watu wa mjini, uliokuja na benki. Lakini katika Usambara kadi ilitawala bajeti ya nyumba mapema zaidi. Mwaka 1907, Lushoto ikiwa bado inaitwa Wilhelmstal, utawala wa Kijerumani uliwapa wanaume wa Kisambaa kadi za kazi, na kila mmoja akatakiwa kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi 4, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza aliswagwa kwenye kazi za serikali. Benki haikuhusika hapo, ila deni lilikuwepo: mtu aliandikiwa siku anazodaiwa kabla hajakubali kukopa chochote.

Mkonge ndio uliolitia deni hilo mizizi. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo mashamba yakaenea pwani ya Tanga, bonde la Pangani na hata tambarare kavu za chini ya milima, kule Mnazi, kaskazini mwa Lushoto. Wakati wa Waingereza shamba la mkonge liliendeshwa kwa kipande, yaani kadi ya kazi. Mkata mkonge akimaliza kazi aliyopimiwa, kipande chake kilitiwa alama ya siku moja. Alama zikitimia 30 ndipo alipolipwa. Siku ambayo kazi haikumalizika haikuhesabiwa, hivyo kipande kimoja kiliweza kuvuka mwezi wa kalenda. Kati ya alama ya kwanza na malipo, mfanyakazi alikuwa ameshatoa jasho lake, na singa zilikuwa zimeanza safari ya kwenda bandarini. Hapo ndipo penye hoja yangu. Kadi ya mkopo ya leo humwachia mwenye kadi atumie fedha za benki kwa wiki kadhaa. Kipande kilimwachia mwenye shamba atumie nguvu za mwenye kadi kwa mwezi mzima, bila riba. Mkopo ulikuwepo, ila mkopeshaji alikuwa yule maskini.

Atauliza mtu: je, posho? Ni kweli, mashamba mengi yalitoa unga, maharage na chumvi kabla ya siku 30 kutimia, na kwa manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyetoka mbali, asiye na jamaa wala konde karibu, posho ndiyo iliyomweka hai. Lakini posho ilimwezesha kurudi kazini kesho. Haikununua kanga, haikulipa kodi. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba wenyeji wengi walikipenda kipande. Msambaa aliyekuwa na shamba lake la mahindi aliweza kukata mkonge siku tatu, akapalilia kwake siku mbili, kisha akarudi, na alama zake zikamngoja. Hilo silibishi, na nadhani wanaoandika historia ya mkonge kama habari ya mateso matupu hulipita upesi mno. Ila uhuru huo uligharimiwa na shamba la nyumbani, na mara nyingi na mke aliyelilima. Nyumba yenye chakula iliweza kumkopesha mwajiri. Isiyokuwa nacho iliingia dukani.

Na dukani ndiko bajeti ilikopangwa hasa, kwenye daftari la mwenye duka, sukari na mafuta ya taa yakiandikwa kusubiri siku ya malipo. Mwaka 1931 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwabana wasio Waafrika katika kuwakopesha Waafrika: deni lisilo na maandishi yaliyoidhinishwa na ofisa wa serikali halikudaiwa mahakamani. Ilisemekana ni ulinzi. Lakini sheria iliyolitilia shaka daftari la duka haikuligusa deni la mwenye shamba kwa mkata mkonge, ingawa yote mawili yalisubiri siku ileile. Mwenye duka asiyeweza kushtaki alibaki na njia mbili, kumjua mteja wake vizuri au kupandisha bei, na anayekopa kwa bei iliyopandishwa hulipa riba hata kama haikuandikwa popote.

Siku hizi nafasi ya daftari imechukuliwa kwa sehemu na simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na mikopo midogo ya simuni ikafuata, mingi ikitakiwa kurudishwa ndani ya siku 30 au chini ya hapo. Anayeshauri watu wajifunze bajeti kwa kadi au kwa mkopo wa namna hiyo huwa anamfikiria mwenye mshahara. Mkulima wa mpunga wa Kitivo au wa kabichi za Lushoto hupata fedha baada ya mavuno, na kama bei ya soko imeanguka wiki hiyo, hupata kidogo. Tarehe ya mwisho ya kulipa haijui msimu wake. Kwake VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, humfaa zaidi, kwa kuwa tarehe ya marejesho hujadiliwa na watu wanaojua mvua ilinyesha lini.