Kizuizi cha Barabarani: Funzo Kutoka Uganda

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi ndugu zetu wa jeshi na polisi mnaotusikiliza makambini, vituoni na malindoni, mazungumzo yetu ya leo juu ya nchi jirani yanahusu jambo linaloonekana dogo: gari linaposimamishwa barabarani. Askari ananyanyua mkono, dereva anakanyaga breki, abiria wananyamaza. Katika dakika hizo chache mwananchi hupima aina ya serikali aliyo nayo. Wananchi wengi hawaijui serikali kwa vitabu vya sheria wala kwa majumba ya mji mkuu. Wanaijua kwa sauti ya yule askari anayewaambia: simama.

Kizuizi chenyewe si kitu kibaya. Kila nchi yenye sheria ina haki ya kusimamisha magari, kukagua leseni, breki na taa, kuzuia lori lililopakia kupita kiasi, kumtafuta mwizi na kukamata silaha za magendo. Dereva naye ana wajibu wa kusimama. Lakini haki hiyo husimama juu ya mafiga matatu. La kwanza, anayesimamisha ajulikane ni nani, kwa sare yake na namba yake. La pili, aeleze sababu. La tatu, jambo lenyewe liandikwe, ili anayekamatwa apelekwe mahali panapojulikana na kesi yake ifike mbele ya hakimu. Figa moja likiondolewa, chungu kinapinduka. Historia ya Uganda, tangu mwaka 1971 hadi 1986, inatuonyesha nchi iliyoondolewa mafiga yote matatu.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba, 1962. Ilirithi polisi wa kikoloni, na wenye kumbukumbu wanajua kwamba polisi wa mkoloni hawakuwekwa kwa ajili ya kumpendeza Mwafrika. Hata hivyo palikuwa na kituo, kitabu cha taarifa, hati ya mashtaka na mahakama. Mwaka 1964 Uganda ilimpata Mwafrika wake wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, Bwana Erinayo Oryema. Jina hilo tutalikuta tena mbele.

Tarehe 25 Januari, 1971, Jenerali Idi Amin alipindua serikali ya Dakta Milton Obote. Mwaka huohuo ilitolewa amri iliyowapa wanajeshi uwezo wa kumkamata raia bila hati ya mahakama, kama wafanyavyo polisi. Wengi waliiona kuwa ni amri ya kawaida ya wakati wa mapinduzi. Kumbe humo ndimo lilimozaliwa balaa. Askari polisi hufundishwa kwamba mtu aliye mbele yake ni raia, pengine mkosaji, lakini raia. Mwanajeshi hufundishwa kukabiliana na adui. Mafunzo yote mawili ni ya heshima, na taifa linayahitaji yote mawili. Lakini ukimweka mwanajeshi barabarani na bunduki iliyojaa risasi, bila mafunzo ya sheria, bila ofisa wa kumwongoza, ukamwambia kwamba kila apitaye anaweza kuwa adui, basi kosa lililotendeka pale si la yule kuruta peke yake. Samaki huanza kuoza kichwani.

Mwaka 1972 zikafuata amri nyingine. Mojawapo iliruhusu vyombo vya usalama kumpiga risasi mtu aliyeshukiwa kuwa jambazi. Nyingine ikazuia serikali na watumishi wake kushtakiwa kwa yale waliyoyafanya kwa jina la kulinda amani. Maana yake ni kwamba aliyeuawa kizuizini hakuwa na mahali pa kudaiwa haki yake. Tarehe 21 Septemba ya mwaka huo, Jaji Mkuu wa nchi, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa ndani ya jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala akachukuliwa kwa gari. Hakurudi tena. Ikiwa Jaji Mkuu hakuweza kuuliza hati iko wapi, dereva wa teksi angeuliza kwa kinywa gani?

Sare nayo ilipoteza maana. Watu wa kile kilichoitwa Ofisi ya Utafiti wa Taifa, wenye makao yao Nakasero, walivaa nguo za kiraia na miwani myeusi. Walimsimamisha mtu popote, wakamtia katika buti la gari, na jamaa zake wakaanza kuzunguka kituo hadi kituo wakiulizia mtu ambaye jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote. Mwaka 1974 nduli mwenyewe, kwa kubanwa na malalamiko, aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mohamed Saied. Tume hiyo ilichunguza habari za watu 308 waliotoweka, ikataja kuwa sehemu kubwa ya lawama ilikuwa ya Ofisi hiyo ya Utafiti na ya kikosi cha polisi kilichoitwa cha Usalama wa Umma. Hao ni wale tu ambao jamaa zao walithubutu kujitokeza.

Tarehe 16 Februari, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili. Mmoja wao alikuwa Charles Oboth Ofumbi. Wa pili alikuwa Erinayo Oryema, yule aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza polisi wa nchi hiyo. Kesho yake serikali ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Ukweli ni kwamba waliuawa kwa risasi. Ndugu askari wa usalama barabarani, litazameni jambo hili kwa makini. Taarifa ya ajali, ambayo ni kazi yenu ya uaminifu, yenye vipimo, mashahidi na mchoro, iligeuzwa kuwa shuka la kufunikia mauaji. Ndiyo sababu tunasema kwamba kitabu cha askari wa barabarani ni sehemu ya haki za raia.

Amin alifukuzwa na Kampala ikakombolewa tarehe 11 Aprili, 1979, na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Wananchi walicheza ngoma barabarani. Lakini ukweli lazima usemwe: vizuizi havikuondoka. Majeshi ya Tanzania yalikaa huko hadi mwaka 1981, na katika muda huo mrefu walitokea baadhi ya askari waliosahau kwamba walikwenda kama ndugu. Kisha, baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 na vita vya msituni vilivyoanza Februari 1981, Kampala ikaingia katika msiba mwingine, uliopewa jina la Kiswahili: panda gari.

Mtaa ulizungukwa alfajiri. Watu waliamriwa watoke nje, wakapakiwa katika malori, wakapelekwa kambini kuchujwa. Mwenye fedha alijikomboa. Asiyekuwa nazo alitegemea huruma ya mtu asiyemjua. Barabarani hali ilikuwa ni hiyohiyo. Saa, redio, gunia la mahindi, vyote viliweza kubaki kizuizini. Wezi nao, wakiona hivyo, walivaa sare na kuweka vizuizi vyao. Basi dereva akawa kati ya moto na maji: akisimama, labda ni wezi, asiposimama, labda ni askari wa kweli na watafyatua risasi. Na askari mwaminifu, kwa kuwa naye anashambuliwa usiku, aliliona kila gari lisilopunguza mwendo kuwa ni la adui. Hofu ya upande mmoja ilizaa hofu ya upande wa pili, na wasio na hatia wakafa.

Lipo jambo moja linalotuhusu sana sisi tusemao Kiswahili. Tangu enzi za jeshi la kikoloni la King's African Rifles, Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika kambi za Uganda. Mwaka 1973 Amin akatangaza kuwa ndiyo lugha ya taifa. Lakini raia wengi wa huko hawakukisikia katika mashairi wala shuleni. Walikisikia kizuizini: simama, toka, lete kitambulisho, lala chini, panda gari. Lugha ambayo kwetu ni ya undugu, kwao ikawa ni lugha ya mtutu wa bunduki. Ilipofika mwaka 2005 ndipo Katiba ya Uganda iliporekebishwa Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kitekelezwe na kufundishwa. Lakini kidonda kilichotiwa na ulimi wa askari hakiponi kwa tangazo la siku moja.

Jeshi la msituni lililoingia Kampala tarehe 26 Januari, 1986, lilikuwa na kanuni za nidhamu ambazo mwaka huo zilitiwa katika sheria. Zilimkataza askari kumtukana, kumfokea au kumpiga raia, na kuchukua mali ya mtu bila kulipa, hata kama ni ndizi mbivu au kipande cha muwa. Wapo waliocheka kusikia muwa ukitajwa katika sheria ya jeshi. Hawakuelewa. Anayezoea kuchukua muwa wa mwanamke kizuizini leo, kesho atachukua saa, na kesho kutwa atachukua mtu. Mwaka 1995 Katiba mpya ikarudisha mafiga yale matatu: anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa, awekwe mahali panapokubaliwa na sheria, afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Kwamba maneno hayo yameandikwa si dhamana kwamba kila siku yanafuatwa, wala Uganda haijakosa malalamiko tangu hapo. Lakini sasa raia anayo maandishi ya kushikia.

Ndugu askari, tufanye nini basi na historia hii? Kizuizi kiwekwe mahali kinapoonekana kwa mbali, si nyuma ya kona, na usiku kiwe na taa. Askari awe katika sare kamili. Mmoja aseme na dereva, mwingine alinde, na mtutu wa bunduki uelekee chini. Salamu kwanza, sababu ya pili, leseni ya tatu. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Faini itozwe kwa stakabadhi. Pesa isiyo na stakabadhi ni rushwa, na rushwa ni adui wa haki. Na pale mwanajeshi anapoitwa kusaidia, awe chini ya uongozi unaojulikana na polisi awepo.

Nanyi ndugu madereva, heshima haina upande mmoja. Punguza mwendo mapema, egesha kando kushoto, shusha taa kubwa na uwashe ya ndani. Mikono iwe juu ya usukani, usiingize ghafla chini ya kiti. Utingo anyamaze. Usitoe noti ndani ya leseni, maana unamfundisha askari wizi halafu unamlaani. Ukiona umeonewa, usibishane kwa matusi wala usitoroke. Shika namba ya askari, nenda kituoni, nenda kwa mkubwa wake, nenda mahakamani. Na mahali hapo pa kulalamikia ni lazima pawepo, kwani ndipo palipokosekana Uganda.

Cheo ni dhamana. Bunduki ni dhamana iliyo nzito zaidi. Waganda hawakupotezwa na kizuizi. Walipotezwa na kizuizi kisichokuwa na mtu wa kukijibia. Askari ambaye jina lake linajulikana, sababu yake imetajwa na kazi yake imeandikwa, hana haja ya kuogopwa na mwananchi, na yeye mwenyewe hana haja ya kumwogopa mwananchi.