Kidonge cha Bei Rahisi

Kilidumu kwa sababu kilikuwa rahisi. Thiasetazoni miligramu 150 na isoniazidi 300, tembe moja kwa siku. Tangu majaribio ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1960, wagonjwa wa kifua kikuu waliimeza miezi na miezi. Upele ulioletwa na tembe hiyo tuliuona, hatukushtuka.

Ukimwi ulipoingia miaka ya 1980, upele ukawa janga. Simsahau mzee mmoja wa miaka sabini na ushee: macho yamevimba, midomo imegandamana kwa damu. Tulipomgeuza, ngozi ya mgongo ilibaki kwenye shuka. "Shikamoo, baba." Akaitikia kwa kuguna.

Kwanza tuliwazuia ndugu zake wasimpe tembe yake, maana waliificha chini ya mto wa kulalia wakidhani tunamnyima dawa. Kisha majani ya mgomba, yaliyochemshwa yakapoa, tukayatandika chini yake. Shuka ya pamba ingenata. Plasta marufuku. Macho tuliyaosha kwa maji ya chumvi kila saa mbili, kope zisishikane. Dripu ndiyo iliyoninyima usingizi: ukimpa kidogo figo zinazima, ukizidisha mapafu ya mzee yanajaa maji.

Mwaka 1991 watafiti wa Nairobi walichapisha walichokiona: waliokuwa na VVU ndio waliodhurika ngozi zaidi, na baadhi walikufa. Ethambutoli ikachukua nafasi ya thiasetazoni, kwa gharama kubwa zaidi.

Mzee wangu alitoka hospitalini wiki ya tano, mikono ina mabaka meupe. Kadi yake niliiandika kwa wino mwekundu: ASIPEWE TENA.