Kidonge Kilichochelewa Mahenge

Fenobabitoni ni dawa kongwe. Mwaka 1912 Alfred Hauptmann, daktari kijana wa Freiburg, Ujerumani, aliwapa wagonjwa wake wa kifafa dawa hii, wakati huo dawa mpya ya usingizi iliyoitwa Luminal, ili usiku wodi itulie. Walilala kweli, ila na kuanguka nako kukapungua, hata mchana. Wakati huo Wajerumani hao hao walikuwa na boma lao Mahenge, hapa kwetu Ulanga, Tanzania. Sisi wa Ulanga tuliisubiri dawa hiyo karibu miaka 50.

Aliyetufungulia kliniki ya kifafa, mwaka 1960, ni Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwei. Watu walimwita Mama Dokta. Alichokikuta, bibi zetu walikisimulia bila kuficha: mwenye kifafa alikula peke yake, kwa chombo chake, na akiangukia jikoni watu walikimbia, kwa kuwa mate na mkojo wake vilidhaniwa kuambukiza. Ndiyo maana wengi walikuwa na makovu ya moto. Wengine walizama wakichota maji.

Dawa ilipofanya kazi haikuhitaji mpiga debe. Wapogoro, wenyeji wa Ulanga, waliteremka kutoka milimani kwa miguu, siku nzima njiani, kuja kuchukua vidonge. Mimi nilikuja kuwa muuguzi miaka mingi baadaye, kazi yangu kwenye dirisha la dawa, na naona sehemu ngumu ya historia hii ndiyo inayosimuliwa kidogo: kuhakikisha dawa haikatiki.

Fenobabitoni hujijenga mwilini taratibu. Hupita wiki mbili hata tatu kabla haijatulia kwenye damu, na kwa kuwa hutoka polepole, kwa kawaida mtu mzima huinywa mara moja tu, usiku, ili usingizi wake usimsumbue shambani. Lakini mwili ukishaizoea, ole wako uikatishe ghafla: mtu huweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hapo kifo kiko karibu. Sasa fikiria barabara ya Ifakara hadi Mahenge wakati wa masika, na mto Kilombero tuliouvuka kwa kivuko hadi daraja lilipofunguliwa. Baba mmoja aliniambia, "Sista, nimekuwa nikimkatia mwanangu nusu nusu ili zifike mwezi ujao." Alidhani anabana matumizi. Mtoto alikuwa ameshaanza kuanguka tena.

Mwaka 1992 Jilek-Aall na daktari mwenzake, H. T. Rwiza, walichapisha habari za wagonjwa 164 wa kliniki ile waliofuatiliwa kwa miaka 30. Wengi walikuwa wamefariki, na vifo vingi vilitokana na kifafa chenyewe: kuanguka mfululizo, maji, moto. Kwangu mimi, waraka ule ni hesabu ya gharama ya dawa kutokuwapo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa nyumbani, chukua dawa kabla ya kopo kuwa tupu. Asinywe pombe juu yake. Mama anayetaka kushika mimba, au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, amweleze daktari mapema, maana fenobabitoni huvipunguzia nguvu vidonge hivyo. Ngozi ikitoka vipele, rudini hospitali siku hiyo hiyo. Na akiambiwa kwenye maombi au kwa mganga kwamba amepona, atupe vidonge, msikubali. Dawa hii hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo, kwa miezi.