Ile ya kawaida: uzi kuhusu magari ya umma

Kila bajeti ikisomwa, mada hii lazima irudi: magari ya wakubwa. Imerudi tena, na nimeona watu wakitukanana usiku kucha juu ya ukubwa wa injini. Uzi huu ni mrefu, weka chai karibu. Sitaji jina la mtu wala chama, kwa hivyo usiniletee mheshimiwa wako hapa chini. Niko Eldoret, nimelelewa na dereva wa serikali, na kuna kosa moja nililofanya mwenyewe ambalo nitalieleza mbele.

Hoja yangu niiweke mapema. Tunabishana kuhusu aina ya gari na ukubwa wa injini, lakini pesa nyingi haipotelei huko. Inapotelea kwenye toleo. Kampuni moja, jina moja, lakini kuna ile ya kawaida na kuna ile ya juu. Ya kawaida ina viti vya plastiki, dirisha la kuzungusha kwa mkono na rimu za chuma. Ya juu ina ngozi, skrini, paa la kufunguka, na bei inayoweza kupita maradufu. Mwananchi akiona yote mawili barabarani anasema tu, "hiyo ni Land Cruiser." Sivyo, ndugu yangu. Hizo ni gari mbili zenye kazi mbili.

Turudi nyuma kidogo.

Mji huu ulianzishwa na watu waliokwama kwenye matope. Mwaka 1908 Makaburu walipanda kutoka Nakuru na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakasukumana na tope kwa wiki nyingi hadi wakafika kilima cha Sergoit. (Ardhi haikuwa tupu walipofika. Hiyo ina uzi wake, na tutauandika.) Posta ilipofunguliwa 1910, ilikaa kwenye shamba nambari 64, ndiyo maana wazee bado wanaita mji Sisibo. Reli ilifika 1924. Kabla ya hapo, kila msumari na kila gunia lilikuja kwa gari la ng'ombe, na gari hilo halikuwa na toleo la juu. Likivunjika, unakata mti unatengeneza.

Nalitaja kwa sababu ndicho kipimo cha kwanza cha gari la kazi huku kwetu: likivunjika mbali, nani atalitengeneza, na kwa kitu gani?

Land Rover ilipotoka Uingereza mwaka 1948, ilikuwa karibu na hilo gari la ng'ombe kuliko watu wanavyodhani. Bati la alumini, viti vigumu, springi za vyuma vilivyopangwa kama za lori. Serikali ya kikoloni iliipenda, na baada ya Uhuru serikali yetu ikairithi pamoja na madereva wake. Baba yangu aliendesha moja ya zile ndefu, idara nisiyoitaja, miaka ya themanini. Ndani ilinuka dizeli na mbwa. Afisa na dereva walikalia kiti cha aina moja, na mvua ikinyesha wote walilowa goti la kushoto. Mzee hakuisifu hata siku moja. Alikuwa akisema tu, "Inafika."

Sasa angalia kilichotokea kwa ndugu yake. Range Rover ilipotoka 1970, ilikuwa na viti vya plastiki na sakafu ya kuoshwa kwa maji ya mpira. Ndiyo, hiyo hiyo unayoijua. Ilikuwa gari la mwenye shamba. Milango minne ilikuja 1981, na baada ya hapo ngozi na mbao zikazidi kuingia, mpaka leo hakuna anayethubutu kupakia mbuzi. Land Cruiser nayo iligawanyika. Upande mmoja ulibaki na kazi: ule mfululizo wa 70, uliotoka 1984 na bado unatengenezwa, hardtop na pikapu tunazoziona kila siku. Upande wa pili ulipanda cheo kizazi baada ya kizazi, 80, 100, 200, hadi 300 ya mwaka 2021. Huo wa 200 ndio Wakenya walioupa jina "V8", na jina hilo likawa siasa kamili. Watanzania wao wana neno tamu zaidi: shangingi.

Neno la zamani zaidi ni Wabenzi, lililotumika Afrika Mashariki nzima kwa wale waliopata Uhuru wakaingia kwenye Mercedes. Jirani zetu walijaribu kulitibu kwa kanuni. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Rwanda, katikati ya miaka ya 2000, iliuza kwa mnada magari makubwa ya serikali na kuwataka maafisa wake wamiliki magari yao wenyewe, kwa kusaidiwa na serikali.

Sisi? Sisi tulichagua kupima injini.

Juni 2009, kwenye hotuba ya bajeti, ilitangazwa kwamba mawaziri na maafisa wakuu wataacha magari makubwa na kutumia yasiyozidi 1800cc. Zikanunuliwa Volkswagen Passat zaidi ya 100. Mnakumbuka vita vilivyofuata? Wengine walirudisha gari kubwa mbele ya kamera, wengine wakasema Passat haiwezi barabara za kwao. Watu waliwacheka hao wa pili. Mimi pia nilicheka. Lakini tuwe wakweli: Passat iko chini, na kuna barabara za marramu zinazochepuka kuelekea ukingo wa Bonde la Kerio ambako ingeacha tumbo lake njiani. Malalamiko yalikuwa ya kweli hata kama waliolalamika walikuwa na sababu nyingine moyoni.

Kosa lilikuwa kwenye kipimo. Ile hardtop ya kawaida, yenye injini ya dizeli ambayo mafundi wote huita 1HZ, ina 4,164cc. Lita 4.2! Kwa kanuni ya 1800cc ni haramu kabisa. Na ni gari ambalo halina hata turbo (Turbo tuliyo nayo ni ule mji wa njia ya Webuye). Upande mwingine, leo kuna magari ya kifahari yenye injini ya lita 1.5 tu, yamejaa ngozi na skrini, yanayopita kanuni hiyo akiba ikiwa bado iko. Ukipima injini, unakataa ambulensi na kukubali sebule.

Watu wengine walielewa somo hili mapema. Kuanzia 1989, msaada wa kwenda kusini mwa Sudan ulipopangwa kupitia Lokichoggio, barabara kutoka Mombasa ilipita hapa Eldoret, ikaenda Kitale, Lodwar, hadi Loki. Tulikuwa watoto, tukihesabu malori na Land Cruiser nyeupe. Mashirika yale yangeweza kununua toleo lolote. Msalaba Mwekundu na Umoja wa Mataifa wamezoea kununua hardtop. Dirisha la mkono, springi za lori nyuma, tairi za 7.50 kwa 16. Kumbuka hiyo saizi ya tairi, tutarudi.

Hata Safari Rally, ilipoanza 1953, magari yaligawanywa kwa bei ya dukani na si kwa nguvu ya injini. Nadhani waandalizi walikuwa na akili kuliko sisi wa 2009. Na mwaka uliofuata aliyeshinda alikuwa na Volkswagen ile ya mgongo wa kobe.

Haya, sasa aibu yangu.

Mimi ni mwanachama wa ushirika wa maziwa, ukingoni mwa bonde upande wa Keiyo, na kuna wakati nilikuwa kwenye kamati. Tulikuwa tumeweka pesa ya kununua gari la kumpeleka daktari wa mifugo na mtu wa kupandisha ng'ombe kwenye vituo vya chini. Fundi wetu alisema nunueni pikapu ya kawaida, hata ikiwa imezeeka. Mwenyekiti akaleta picha za gari la mtumba kutoka Japani, toleo la juu kabisa, ngozi rangi ya maziwa. Bei ilikuwa karibu sawa, kwa sababu pikapu za kazi hazishuki bei. Akasema, "Tukienda benki kuomba mkopo na hiyo pikapu, watatuona kama nani?"

Nilipiga kura ya ndiyo. Sikudanganywa na mtu. Nilijiona mwenyewe nikishuka kwenye lile gari mbele ya kanisa.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mvua ndefu zilipoanza, suspensheni ya nyuma, ambayo ilikuwa ya hewa, ikaanza kuvuja. Gari likakaa nyuma chini kama ng'ombe mwenye homa ya maziwa. Fundi wetu aliinama akaangalia, akasimama, akajifuta mikono. Kifaa hakikuwepo Eldoret. Kikaagizwa, kikaja kisicho chenyewe, kikarudishwa. Baadaye taa kwenye dashibodi ikawaka na hakuna aliyejua inasema nini bila kompyuta. Tairi nazo, za rimu pana, zilichanwa na mawe, na moja ilikuwa na bei ya mbili za pikapu. Wiki sita lile gari lilikaa chini ya mti. Katika hizo wiki sita kuna mama mmoja, mjane, aliyepoteza ng'ombe wake kwa kuzaa vibaya kwa sababu daktari alikuja kwa bodaboda, akafika giza limeingia. Hakuwa na ng'ombe mwingine. Hakutulaumu kwenye mkutano. Aliacha tu kuleta maziwa, kwa kuwa hakuwa nayo.

Ndiyo maana sipendi tunapoichukulia mada hii kama wivu. Ati "mnawaonea wivu viongozi." Si wivu. Ile tofauti ya bei kati ya toleo na toleo ni ng'ombe wa mtu, ni ambulensi ya pili, ni dawa.

Upande wa pili nao una hoja, na nisipoisema mtanipiga. Hardtop ya kawaida si gari salama sana kwa mwendo wa kasi. Nyingi zilizokuja huku hazina mifuko ya hewa, na zile benchi za pembeni nyuma ni balaa gari likigonga. Kwa afisa anayekwenda Nairobi kila wiki, zaidi ya kilomita 300 na malori ya Uganda njia nzima, simwombei hardtop. Mpe saluni nzuri yenye breki nzuri. Lakini huyo hahitaji V8 pia. Tatizo letu ni kutaka gari moja lifae lami, bonde na heshima kwa pamoja, na hapo heshima ndiyo hushinda.

Kwa hivyo ukitaka kubishana kwa faida, uliza vipimo. Katiba, kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wazi, wenye ushindani na unaolingana na gharama. Sheria ya ununuzi ya 2015, sehemu ya 60, hairuhusu zabuni kutaja chapa fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kinachotakiwa, tena waongeze maneno "au inayolingana nayo". Vizuri sana. Lakini haikatazi kuandika "viti vya ngozi", "paa la kufunguka", "rimu za inchi 20". Ukishaandika hivyo, toleo la kawaida limeshafungiwa nje kabla hata mtu hajaleta bei, na chapa hujaitaja. Vita vyote tunavyopigana mitandaoni huja baada ya karatasi hiyo kutiwa sahihi. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mwananchi anaweza kuiomba hiyo karatasi.

Ukiipata, anza na tairi. Sitanii. Tairi ya 7.50 kwa 16 huvaliwa pia na malori madogo, kwa hivyo utaipata Iten, utaipata Kapsowar, utamkuta mtu wa pancha akiwa na moja iliyotumika. Ikiwa gari linanunuliwa kwa ajili ya kata za bondeni na tairi yake inapatikana Nairobi pekee, basi unajua linanunuliwa kwa ajili ya nani.

Sisi tuliuza lile letu kwa hasara. Aliyelinunua ni mtu wa mjini, analitumia kwenye lami na analifurahia, sina kinyongo naye. Tukanunua pikapu, ya kawaida kabisa, imetembea sana, mlango mmoja hauko rangi moja na mingine. Nilipendekeza kituo cha kwanza kuhudumiwa kiwe cha kule kwa yule mama, ambaye majirani walimchangia ndama.

Siku ya safari ya kwanza mwenyekiti alikaa mbele kama kawaida yake. Jua lilikuwa kali. Alipapasa dashibodi huku na huku, akamuuliza dereva kiyoyozi kinawashwa wapi. Dereva akanyoosha mkono mbele yake, akamzungushia dirisha.