Fidia ya kikataji na ulainishaji wa kona

Fidia ya kikataji na ulainishaji wa kona ni taratibu mbili zinazobadilisha njia ya kikataji katika mashine za CNC, yaani mashine za kuchonga zinazoongozwa kwa namba kupitia kompyuta. Fidia huisogeza njia pembeni kwa kadiri ya nusukipenyo cha kikataji. Ulainishaji huviringa kona kidogo ili mashine isilazimike kusimama katika kila kona. Zote mbili huathiri vipimo vya kipande kinachochongwa, lakini kosa la moja haliwezi kusahihishwa kwa kurekebisha nyingine.

Historia

Uongozaji wa mashine kwa namba ulianza Marekani. John T. Parsons alitafuta njia ya kutengeneza kwa usahihi sehemu za ndege zenye umbo la mpindo, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga iliyoongozwa kwa namba zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Baadaye lugha ya maagizo iitwayo msimbo G ilienea, na sehemu kubwa yake iliwekwa katika kiwango cha RS-274. Vidhibiti vya makampuni mbalimbali hutofautiana katika maagizo kadhaa. Mifano ya ulainishaji iliyo hapa chini inafuata LinuxCNC, programu huria iliyotokana na kazi ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani.

Fidia ya kikataji

Mashine huongoza kitovu cha kikataji, lakini kinachokata chuma ni ukingo wake. Kikataji chenye kipenyo cha milimita 10 kinapaswa kupita milimita 5 nje ya mstari wa mchoro. Fundi anaweza kuandika vipimo vya mchoro kama vilivyo, na kidhibiti kikakokotoa njia ya kitovu.

Maagizo yanayotumika ni matatu:
- G41: kikataji kikae kushoto mwa njia, ukitazama kuelekea upande kinakokwenda.
- G42: kikataji kikae kulia mwa njia.
- G40: fidia iondolewe.

Kipenyo husomwa kutoka kwenye jedwali la vikataji. Faida yake huonekana kikataji kinaponolewa. Tuseme kile cha milimita 10 kimebaki na milimita 9.8. Kila upande wa kipande utabaki na nyongeza ya milimita 0.1, na kipande kilichotakiwa kuwa na upana wa milimita 50 kitakuwa na 50.2. Badala ya kuandika programu upya, fundi hubadilisha namba moja tu katika jedwali.

Fidia ina masharti yake. Mwendo wa kuingilia uwe mrefu usiopungua nusukipenyo cha kikataji, ili kidhibiti kipate nafasi ya kusogea pembeni. Pia kikataji hakiwezi kuchonga tao la ndani lenye nusukipenyo kidogo kuliko chake. Vidhibiti vingi hutoa onyo la kosa katika hali hiyo, kwa sababu kuendelea kungekula sehemu isiyopaswa kukatwa.

Ulainishaji wa kona

Mashine ni kitu kizito, na haiwezi kugeuka ghafla kwenye pembe ya nyuzi 90 bila kusimama kwanza. Ikisimama kila mara, kazi huchelewa na kikataji huacha alama pale kinapozunguka bila kusonga mbele. Kwa hiyo kidhibiti huanza mwendo wa pili kabla ya kwanza kumalizika, na kona huwa tao dogo.

Katika LinuxCNC, agizo G61 hutaka njia ifuatwe kama ilivyoandikwa, hata kama mashine italazimika kusimama. Agizo G64 peke yake hutanguliza kasi bila kuweka mpaka wa kupotoka. G64 likifuatwa na herufi P huweka mpaka huo: G64 P0.05 lina maana kwamba, kipimo kikiwa milimita, njia isipotoke zaidi ya milimita 0.05. Herufi Q huruhusu vipande vingi vifupi vilivyo karibu kunyooka viunganishwe kuwa mstari mmoja.

Hesabu huonyesha gharama ya usahihi. Katika kona ya nyuzi 90, tao lenye nusukipenyo r hupita umbali wa 0.414r kutoka kwenye ncha ya kona. Kupotoka kwa milimita 0.05 kunaruhusu tao la takriban milimita 0.12. Mashine yenye mchapuko wa milimita 500 kwa sekunde mraba italipita tao hilo kwa kasi ya takriban milimita 466 kwa dakika. Mpaka ukipunguzwa hadi 0.01, kasi hushuka hadi takriban 208.

Uhusiano wa taratibu hizi mbili

Katika LinuxCNC fidia hukokotolewa kwanza, kisha njia iliyopatikana ndiyo hulainishwa. Hivyo namba ya P inahusu njia ya kitovu cha kikataji, wala si ukingo wa kipande. Katika kona ya ndani ulainishaji huacha chuma zaidi: kikataji chenye nusukipenyo cha milimita 5 na tao la 0.12 huacha kona ya 5.12. Katika uchoraji wa herufi kwa kikataji chenye ncha kali, kuviringwa kwa kona huonekana wazi.

Tofauti hii humsaidia fundi kutafuta chanzo cha kosa kabla hajaharibu vipande vingine. Kosa likiwa sawa kwenye pande zote zilizonyooka, jambo la kwanza kukagua ni kipenyo kilichoandikwa katika jedwali. Kosa likionekana kwenye kona tu, na likipungua mwendo unapopunguzwa, kinachopaswa kukaguliwa ni agizo la G64. Kupunguza P hakutaufanya upana wa 50.2 kuwa 50, na kubadilisha kipenyo katika jedwali hakutarudisha ncha ya kona iliyoviringwa.