Manila, Gundi na Maneno ya Heri: Historia ya Kadi za Mikono Kibera na Kawangware

Kadi ya salamu, yaani karatasi nene iliyokunjwa mara moja, yenye picha au pambo upande wa nje na maneno ya heri upande wa ndani, iliingia Nairobi pamoja na posta ya kikoloni, na kwa miongo mingi ilibaki kuwa ya watu wenye sanduku la barua. Biashara ya kadi za Krismasi ilianzia London mwaka 1843, Henry Cole alipomwagiza mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi ya Krismasi, miaka 3 tu baada ya Uingereza kuanza kutumia stempu ya peni moja iliyofanya barua isafiri kwa bei nafuu. Kenya ilirithi stempu lakini haikurithi tarishi wa kubisha hodi kila mlango, kwa kuwa barua za nchi hii hungojewa na wenyewe katika masanduku ya posta. Mkazi wa Kibera, mtaa uliokulia kwenye ardhi ya serikali waliyokalishwa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, au wa Kawangware, mtaa uliokulia juu ya mashamba ya familia za Wakikuyu wa Dagoretti, mara nyingi alipata barua zake kupitia sanduku la shule, la kanisa au la mwajiri wake. Kadi za kwao, kwa hiyo, zilipitia zaidi mikononi mwa watu kuliko katika mifuko ya posta, na kadi ambayo haitapimwa wala kupigwa mhuri inaweza kuwa kubwa na nene kadiri mtengenezaji apendavyo, ikabandikwa vitambaa, shanga au maua makavu bila hofu.

Uraibu wa kutengeneza kadi hizo haukuletwa mitaani na wafadhili, kama inavyodhaniwa mara nyingi, bali ulitoka shuleni. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, uliotokana na mapendekezo ya tume ya Colin Mackay ya mwaka 1981 na kuanza kutekelezwa mwaka 1985, ulikusudia kumpa mwanafunzi ujuzi wa mikono utakaomwezesha kujitegemea, na kwa sababu hiyo sanaa na ufundi viliingizwa katika masomo yaliyotahiniwa mwishoni mwa shule ya msingi. Mtoto wa darasa la 5 aliyefundishwa kukata herufi, kuchapa pambo kwa kiazi kilichochongwa na kupaka rangi kwa stensili, yaani karatasi iliyotobolewa umbo linalotakiwa, alikuwa tayari amekamilisha nusu ya elimu ya mtengenezaji kadi. Vifaa vyake havikuwa vigeni mtaani: karatasi ya manila, ambayo ni karatasi ngumu yenye rangi inayouzwa kwa shiti moja moja katika maduka ya vifaa vya shule, gundi, rula, wembe na kalamu za rangi. Somo hilo liliondolewa katika mitihani ya taifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uamuzi ambao ulipunguzia wanafunzi mzigo wa masomo lakini ukawanyima watoto wa mitaa ya mabanda mahali pekee ambapo wengi wao walishika brashi.

Aina ya kadi iliyostawi kuliko zote ni ile ya kumtakia mtahiniwa heri, ambayo watu wa Nairobi huiita sakses kadi. Kila mwaka, mitihani ya KCPE ya mwisho wa shule ya msingi na KCSE ya mwisho wa sekondari ilipokaribia kuanzia mwezi wa Septemba, wachuuzi walizitandaza kadi hizo kando ya barabara na kuzitundika kwenye kamba, nyingi zikiwa zimetoka katika matbaa ndogo za River Road. Lakini shiti moja ya manila ilitoa kadi kadhaa, na mwenye ndugu, binamu na majirani wengi wa kuwatakia heri aliona nafuu kuzitengeneza mwenyewe. Desturi hii inastahili kutazamwa kwa uzito kuliko inavyotazamwa, kwa sababu katika nyumba ya chumba kimoja mtihani wa mtoto haukuwa jambo lake peke yake: mafanikio yake yalikuwa tumaini la ukoo mzima, na kadi ilikuwa hati iliyoonyesha ni nani waliosimama nyuma yake. Ndani yake mliandikwa aya ya Biblia au dua, jina la mtahiniwa kwa herufi za kupambwa, na majina ya watumaji wote, hata ya watoto wachanga wasiojua kusoma. Mtahiniwa alizipanga juu ya meza au kuzibandika ukutani, juu ya magazeti yaliyofunika mabati, na idadi yake ilihesabiwa na kila mgeni aliyeingia. Waliosoma shule za bweni magharibi mwa nchi, kunakotoka familia nyingi za mitaa hii miwili, walitumiwa zao kwa basi, mikononi mwa msafiri aliyeaminiwa.

Mkondo wa pili, wa kadi za kuuzwa, ulianza na vikundi vya kujisaidia. Undugu Society of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1973 na padre Mholanzi Arnold Grol kwa ajili ya watoto wa mitaani, ilikuwa miongoni mwa mashirika yaliyotafutia kazi za mikono za maskini wa Nairobi soko la ng'ambo, wakati ambapo Ulaya nako yalikuwa yakizuka makampuni ya biashara ya haki, yaani biashara inayomlipa mtengenezaji bei inayomwezesha kuishi, kama Traidcraft ya Uingereza iliyoanza mwaka 1979. Msukumo mkubwa zaidi ulikuja baada ya Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi alipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Vikundi vya wanawake wajane na wanaoishi na virusi vikaongezeka, na kazi iliyoweza kufanywa kwa kukaa, bila kubeba mizigo na bila mtaji mkubwa, ikawafaa. Kibera Paper, kikundi cha wanawake wa Kibera, kilijulikana kwa kadi zilizotengenezwa kwa karatasi kuukuu za ofisini.

Namna karatasi hiyo inavyozaliwa upya ni ufundi wenye subira. Karatasi zilizotumika huraruliwa vipande vidogo na kulowekwa, kisha husagwa au kutwangwa mpaka ziwe rojo, ambayo humiminwa katika beseni la maji. Fundi huzamisha fremu ya mbao iliyotandikwa wavu, huiinua taratibu huku akiitikisa ili nyuzi zisambae sawasawa, huacha maji yachuruzike, kisha hugeuza shiti hiyo laini juu ya kitambaa, huikandamiza na kuianika. Asipoitikisa vizuri, shiti hutoka nene upande mmoja na kuraruka inapokunjwa. Petali za maua, majani ya chai, maganda ya vitunguu au nyuzi za mgomba hutiwa katika rojo ili kuipa karatasi rangi na madoadoa. Ujuzi wa aina hii ulienea pia kwingineko nchini: huko Kisumu gugumaji la Ziwa Victoria liligeuzwa karatasi, na huko Mwaluganje, Kwale, kinyesi cha ndovu. Inafaa kukumbukwa kwamba kiwanda kikubwa cha karatasi cha Webuye, kilichoanza uzalishaji mwaka 1974, kilifungwa mwaka 2009, ilhali beseni na fremu za wanawake hazikuhitaji mashine wala msitu.

Hata hivyo, soko la ng'ambo lilichagua picha. Twiga, mgunga, mwanamke mwenye mtungi kichwani na msafara wa ndovu vilijaa kwenye kadi zilizotengenezwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga mbugani, na nyuma ya kadi kukawekwa maelezo mafupi kuhusu umaskini wa aliyeitengeneza. Kuuza kadi kwa ajili ya msaada hakukuanzia Nairobi, kwani kadi ya kwanza ya UNICEF, ya mwaka 1949, ilitokana na mchoro wa shukrani wa Jitka Samková, mtoto wa Chekoslovakia mwenye umri wa miaka 7; lakini mtoto yule alichora furaha ya kijiji chake mwenyewe. Kadi za manila za Kibera na Kawangware, zenye majina ya watu halisi na heri zilizokusudiwa wao, ndizo zinazosema kweli zaidi kuhusu mitaa hiyo, na ni hasara kubwa kwamba ndizo zilizotupwa baada ya mitihani huku zile za twiga zikihifadhiwa katika droo za Ulaya.

Fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo ziliikumba mitaa yote miwili, ziliwafukuza watalii waliozinunua kadi katika Maasai Market. Simu ya mkononi nayo ilikwisha kuchukua salamu za Krismasi na Idd, na M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2007, ilimwezesha mjomba kumtumia mtahiniwa nauli badala ya aya. Pigo kwa kadi za mitihani lilitoka serikalini: baada ya matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE ya 2015 kufutwa kwa udanganyifu, Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alipiga marufuku mwaka 2016 ziara za wazazi na ibada za maombi shuleni katika muhula wa tatu, na milango ambayo kadi zilipitia ikafungwa. KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya 8-4-4 umeirudisha sanaa darasani, na wazazi wa Kibera na Kawangware, ambao baadhi yao walijifunza kukata herufi wakiwa katika 8-4-4, wanatumwa tena dukani kununua manila na gundi, safari hii wakilalamikia gharama yake, huku jioni wakimshikia mtoto rula.