Unene Uliokuwa Urembo Karagwe

Juzi binti mmoja alianguka darasani. Hakuwa na saumu. Alikuwa anajikondesha ili suruali ya kubana imkae.

Mwaka 1861 Mwingereza Speke alifika Karagwe, ng'ambo ya mto Kagera, kwa Mfalme Rumanika. Alimkuta mke wa kaka yake mfalme amenona kwa maziwa hata hawezi kuinuka. Speke aliona pia msichana wa miaka kumi na sita akinyweshwa maziwa, baba kasimama na fimbo! Unene ndio uliokuwa urembo, na alama ya ng'ombe wengi. Mwaka 1966 gazeti la London likamtangaza Twiggy, mwembamba kama ufito, kuwa sura ya mwaka. Binti yetu hakusimamiwa na fimbo ya mtu.